Vidokezo vya Rangi ya Majivu

Asubuhi ya tarehe nne Pagume, mwezi wa mwisho wa mwaka, Gashe Kinfe alilifunga lango la chuma la ofisi kwa ndani, akautia ufunguo katika mfuko wa shati, akasema hatoki mtu mpaka ajulikane aliyefanya mambo yale. Ofisi iko ghorofa ya nne. Lifti ilikufa tangu Pasaka. Nje mvua iliyapiga madirisha, mvua ile ya mwisho wa mwaka isiyo na haraka, na chini barabarani watu walipita wamebeba kondoo wao wa sikukuu mabegani wasichafuke kwa matope.

Ndani walikuwa wanne. Kinfe mwenyewe, mwenye kampuni, waliyemwita Gashe kwa heshima ya umri, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye akikasirika sauti huwa ndogo zaidi. Hirut, aliyetengeneza kurasa na kupokea simu za wateja, na mdomo wake hauna pazia. Abinet, aliyefundisha jiografia miaka kumi na tano kabla ya kujifunza kuandika programu, na ambaye alikuwa bado katika siku zake za majaribio. Wao walimwita Mwalimu, nusu kwa heshima, nusu kwa utani. Wa nne ni Zinash. Huyo aliwatangulia wote kazini, na programu ya mabasi aliijenga yeye tangu mstari wa kwanza.

Kisa chenyewe ni hiki. Alfajiri ile watu mia mbili na zaidi walifika kituoni na tiketi za kwenda makwao kuupokea mwaka mpya. Mashine ya mlangoni ikawakataa. Ikasema safari yao ilikwishapita, tarehe kumi na tatu Tahsas, yaani miezi minane nyuma. Kwa kuwa mashine iliviona viti ni vitupu, makarani wakaviuza upya. Mabasi yakaondoka na watu wengine, na wenye tiketi wakabaki mvuani na kuku wao na mikate yao. Karani mmoja alimweleza Hirut kwa simu habari za bibi mmoja aliyekuwa akimuuliza kila mtu mlangoni, kwa upole kabisa, "Wanangu, Tahsas mimi nilikuwa nimelazwa. Huyo aliyesafiri kwa jina langu ni nani?" Hirut alicheka, kisha akageukia ukuta akajifuta macho.

Na kesho yake, tarehe tano, siku ya mwisho ya mwaka, ndiyo yenye safari nyingi zaidi. Wenye mabasi walitaka mambo mawili kabla ya saa sita mchana: programu iwe imetengenezwa, na iletwe barua yenye jina la aliyeharibu. Wasipoyapata, kazi wanaipeleka kwingine.

Kosa lilionekana mapema. Safari za nyongeza za sikukuu aliziandika Abinet. Katika programu ile safari huandikwa kwa tarakimu zinazofuatana ndani ya mabano: kwanza siku, halafu mwezi, halafu saa. Abinet alijifunza kazi kwa masomo ya wageni, ambao hutanguliza mwezi. Kwa safari ya tarehe nne Pagume, mwezi wa kumi na tatu, mahali pengine akaandika kumi na tatu, nne. Mashine ikasoma siku ya kumi na tatu, mwezi wa nne, ambao ni Tahsas. Angeipindua tarehe ishirini ya mwezi wowote, mashine ingelalamika hapo hapo, maana hakuna mwezi wa ishirini. Lakini Pagume ni kamwezi ka siku tano, kameshonwa mwishoni mwa mwaka kama kiraka. Tarehe zake ukizipindua zinabaki tarehe nzuri tu za mwezi mwingine, na hakuna anayezisimamisha.

Hata hivyo kulikuwa na kinga. Tarakimu tupu ni kama mitungi iliyofunikwa. Hujui upi una chumvi na upi una pilipili ya berbere mpaka ufunue. Kwa sababu hiyo programu wanayoandikia kazi yao ina desturi njema. Mbele ya kila tarakimu huweka yenyewe, kwa herufi ndogo za rangi ya majivu, jina la kitu ambacho tarakimu hiyo inakisimamia: hapa siku, hapa mwezi, hapa saa. Maneno hayo hayamo katika kazi yenyewe. Ni vidokezo, vya kumkumbusha anayeandika asije akatia chumvi mahali pa pilipili.

Abinet alisema yeye hakuona kidokezo hata kimoja. Kinfe hakumwamini. Wakafungua kompyuta moja baada ya nyingine, na kweli, vidokezo havikuwapo. Hirut akasema alidhani ni mambo ya toleo jipya, kila siku wanabadilisha vitu hao. Ndipo ikajulikana kwamba mtu alivizima, na alivizima katika mipangilio ya mradi, ile wanayoshiriki wote, badala ya ile ya mtu binafsi. Na kila badiliko linalotumwa kwenye hazina ya kazi hubaki na jina na saa. Kinfe akatafuta, akasoma: Abinet, tarehe kumi na nne Nehase, saa nane mchana, yaani siku ishirini zilizopita.

"Umetupofusha sote, Mwalimu," Kinfe alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Kisha shimoni ukatumbukia mwenyewe."

Abinet aliitazama ile rekodi muda mrefu. Akasema kama daftari linasema hivyo, yeye hawezi kubishana na daftari.

Zinash alikuwa amekaa nyuma yao, mikono mapajani. Hakuhitaji kuisogelea skrini, na hata angeisogelea asingeisoma. Tarehe kumi na nne Nehase, saa nane mchana, aliikumbuka vizuri mno.

Siku ile umeme ulikatika. Kompyuta yake ikaisha chaji, na Kinfe alikuwa akiingojea kazi. Abinet alikuwa ametoka kumchukua mwanawe shuleni, na kompyuta yake ilikuwa na nguvu bado. Zinash akaketi pale. Akazikuza herufi mara tatu ili azione, kama alivyozikuza kwenye kompyuta yake mwenyewe, iliyotazama ukuta asiione mtu. Lakini herufi zilipokuwa kubwa, vidokezo navyo vikawa vikubwa, vikajaa katikati ya mistari, vikaisukuma nje ya skrini mpaka mstari mmoja ukawa kama foleni ya mkate. Akaingia kwenye mipangilio avizime kwa saa moja tu. Juu ya ukurasa ule kuna vichwa viwili vidogo, kimoja kimeandikwa "Changu", kimoja "Cha mradi". Hakuviona vichwa. Alikiona kitufe, akakibonyeza. Umeme uliporudi Kinfe akamwita. Zinash akazituma kazi zote haraka haraka, na badiliko lile ndani yake, na kompyuta ile ilituma kwa jina la mwenyewe, Abinet.

Macho yalianza kumwacha tangu Yekatit, miezi saba sasa. Daktari alimwambia kioo cha jicho kinakonda, kama nguo iliyofuliwa sana, na miwani itamsaidia kidogo tu. Hakumwambia mtu. Alikuwa na sababu. Kabla ya Abinet, dawati lile lilikuwa la Mulunesh, aliyeugua vidole. Kinfe alimuaga kwa keki na maneno matamu, akasema kazi hii ni ya macho na vidole, hana la kufanya, Mungu amfungulie mlango mwingine. Zinash alikula kipande cha keki ile.

Sasa akawa kama kuku aliyeingia kwenye tundu mwenyewe. Akisema nilizima mimi, wataulizana kwa nini, na jibu ni macho. Akinyamaza, barua itaandikwa jina la Abinet, na Abinet hana hata siku sitini katika kampuni.

Hirut alikuwa ameshawasha jiko la kahawa. Alisema wamefungwa, basi wafungwe kwa adabu. Akatandaza nyasi sakafuni, kama desturi ya kahawa ya vikombe vitatu inavyotaka, akakaanga buni, moshi ukatanda chumba kizima, na dirisha halifunguki kwa sababu ya mvua. Zinash akapewa kikombe cha kwanza. Akakishika mpaka kikapoa.

Kinfe akaweka karatasi nyeupe mezani, akaandika anwani ya wenye mabasi, akaacha mahali pa jina wazi. Kisha akasema kabla ya barua waitengeneze programu. Mistari ya sikukuu ilikuwa thelathini na moja. Mingine Abinet aliinakili kutoka kwa mistari ya zamani ya Zinash, ikawa sawa. Mingine aliiandika kwa kichwa chake, ikapinduka. Ipi ni ipi, hata mwenyewe hakumbuki. Basi kompyuta ya Abinet iunganishwe na televisheni ya ukutani, vidokezo viwashwe, na mtu mmoja asome mstari kwa mstari, aseme sawa au umepinduka, na yeye Kinfe atie alama kwenye orodha.

"Zinash asome," alisema. "Huyo ndiye mama wa programu hii. Sitaki jicho lingine leo."

Zinash akasimama. Akakaa kwenye kompyuta ya Abinet kwa mara ya pili katika maisha yake. Mahali pa mipangilio vidole vilipajua. Akafungua, na safari hii akamwomba Hirut amsomee kichwa cha juu, akijifanya anashika kikombe. Hirut akasema cha mradi. Akawasha.

Televisheni ikajaa. Kwa wengine palikuwa na mistari, na katikati ya mistari vidokezo vya rangi ya majivu. Kwa Zinash palikuwa na ukungu, na ndani ya ukungu ukungu mwingine.

Mistari ya mwanzo aliiweza. Ni mistari aliyoizaa mwenyewe miaka iliyopita, na mtu hamsahau mwanawe. Dessie, sawa. Jimma, sawa. Kinfe akatia alama, uso umeinamia orodha, hakutazama ukutani. Hirut alikuwa kwenye simu akimtuliza karani. Aliyetazama ukutani ni Abinet peke yake, amesimama nyuma ya kiti cha Zinash.

Mstari wa saba ulikuwa mgeni kwake. Aliuona mwanzo wake, Gonder, kisha tarakimu mbili, moja fupi na moja ndefu, zinacheza. Ipi imetangulia? Akafinya macho. Zikabadilishana mahali.

"Sawa," alisema.

Nyuma yake Abinet akakohoa. Kikohozi kidogo, cha mtu anayeomba njia. Kisha, bila kuchezesha midomo sana, akasema kwa sauti ya chini kama ya mtu anayejisemea, "Gonder umepinduka."

"Umepinduka," Zinash alisema. "Nisamehe, Gashe, Gonder umepinduka."

Kinfe akafuta alama. Wakaendelea hivyo. Zinash anataja mji, anangoja pumzi moja, nyuma yake unatoka mnong'ono, naye anautoa kwa sauti. Sawa. Sawa. Umepinduka. Alielewa sasa kwamba Abinet anajua. Kujua kwake hakukumpa nafuu. Kulimbana zaidi, maana mtu anayesubiri barua ya kufukuzwa kwa kosa la Zinash ndiye aliyekuwa akimpa macho ya kuiandalia barua hiyo njia. Kila mnong'ono ulimwingia kama sindano. Hirut akapitisha kikombe cha pili. Hakuna aliyekigusa.

Walipofika mstari wa kumi na sita Kinfe akainua kichwa.

"Mwalimu, unanong'ona nini?"

"Nafuatisha tu, Gashe."

"Mimi nilisema jicho moja. Wewe ulishatufuatishia vya kutosha." Akamwonyesha kwa kalamu. "Kasimame dirishani. Utufuatishie mvua."

Hirut alitaka kucheka, akaona hakuna anayecheka. Abinet akaenda dirishani. Akageuka akamtazama Zinash mara moja, kisha akatazama nje.

Zinash akabaki na mistari kumi na mitano. Wa kwanza ulikuwa wa Mekele, basi la kesho alfajiri, viti arobaini na tano. Aliukodolea macho. Tarakimu fupi na tarakimu ndefu, na mbele ya kila moja alama ya majivu isiyosomeka, kama vumbi ambalo ukilipuliza halitoki. Akafikiri akisema sawa anaweza kupatia. Nusu kwa nusu. Na akikosea, watu arobaini na tano watasimama kesho kwenye mvua, siku ya mwisho ya mwaka, wakiambiwa mlisafiri tangu Tir, mwezi wa tano. Akamwona yule bibi akiuliza mlangoni nani amesafiri kwa jina lake.

"Mekele," Kinfe alisema.

Mvua ilikuwa ikipiga. Lango limefungwa, dirisha limefungwa, moshi wa buni umesimama kati ya dari na vichwa vyao. Zinash akaitoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani.

"Gashe Kinfe, mstari huu siuoni."

"Basi kuza herufi."

"Nikikuza herufi, vidokezo vinaisukuma mistari nje ya skrini," Zinash alisema, polepole, kama mtu anayetua mzigo asiumwage. "Ndiyo maana nilivizima."

Kalamu ya Kinfe ikasimama. Kwenye simu Hirut akamwambia karani kwamba atampigia baadaye.

Zinash akaeleza yaliyobaki, akitazama mapaja yake. Umeme, kompyuta, vile vichwa viwili vidogo alivyoshindwa kuviona, jina lililotumwa silo. Akaeleza habari za daktari. Hakulia; sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya sokoni. Kinfe alimuuliza tangu lini. Akasema tangu Yekatit. Kinfe akahesabu miezi kwa vidole, akafika saba, mkono ukarudi mezani.

Kisha akageukia dirishani. "Na wewe ulijua."

Abinet akasema siku ile aliporudi na mtoto alikuta herufi kwenye kompyuta yake kubwa kama kibao cha benki. Akazipunguza, akanyamaza.

"Mwanafunzi asiyeona ubao haji kukuambia," alisema. "Anahama tu dawati, anasogea mbele, anasogea mbele, mpaka siku moja unamkuta amekaa miguuni pako. Nimewaona wengi, Gashe."

"Na ungeniacha niandike jina lako?"

"Tarehe niliziandika kwa mkono wangu. Hilo si la Zinash. Na ugonjwa wa mtu si wangu kuutangaza."

Palikuwa na kazi, na saa ilikuwa tano na nusu. Akamwambia Zinash akuze herufi. Zinash akazikuza, mbele ya watu wote, mpaka neno Mekele likajaa nusu ya televisheni, na Hirut akasema kwa upole kwamba sasa hata mama yake kule Jimma anasoma. Mistari ikaanza kukimbia nje. Zinash akarudi kwenye mipangilio. Kumbe si lazima vidokezo viwepo daima au visiwepo kabisa. Kuna mpangilio wa katikati, kwamba vinajificha, na ukishikilia vitufe viwili vinatokea, ukiachia vinaondoka. Miezi saba alikuwa hajausoma mpangilio huo, kwa kuwa uliandikwa kwa herufi ndogo. Akauweka kwenye kichwa cha mtu binafsi. Kile cha mradi akakiacha kama Kinfe alivyotaka, vidokezo vyote, kwa wote.

Akashikilia vitufe viwili. Siku, kumi na tatu. Mwezi, tano.

"Mekele umepinduka," alisema, na safari hii alikuwa ameuona mwenyewe.

Katika mistari kumi na mitano iliyobaki, sita ilikuwa imepinduka. Waliinyoosha yote, Abinet akiita tarakimu na Zinash akiandika, na saa sita kasoro dakika kumi karani akapiga simu kusema mashine ya mlangoni sasa inazikubali tiketi za kesho. Wale wa asubuhi watapandishwa mabasi ya ziada. Yule bibi, alisema, amekataa kuondoka kituoni. Amekaa juu ya kapu lake, anakunywa chai na makarani na kuwapangia nani amuoe nani.

Hirut akamimina kikombe cha tatu, cha baraka. Kinfe akaivuta ile karatasi nyeupe akaandika. Zinash alisikia kalamu ikikwaruza mahali palipoachwa wazi. Kutoka alipokaa aliona weupe na kivuli cha mkono. Hakuthubutu kuuliza. Hirut ndiye aliyeinama juu ya bega la Kinfe, akasoma, akarudi nyuma.

"Umeandika jina lako," alisema.

"Mipangilio ya nyumba ni ya mwenye nyumba," Kinfe alisema. "Wakitaka kunifukuza waje na keki." Hakutabasamu. Akaikunja barua, kisha akamtazama Zinash kwa muda, na sauti yake ilikuwa ndogo kama asubuhi. "Yako wewe bado sijaiandika. Njoo mwaka ukianza, tarehe tatu Meskerem, na karatasi ya daktari. Sijui nitasema nini, Zinash. Usiniulize leo."

Akautoa ufunguo mfukoni, akafungua lango la chuma. Likafunguka kwa kelele. Hakuna aliyetoka, kikombe cha baraka hakiachwi. Zinash akakinywa chote, hata machicha.

Kila siku tangu Yekatit alikuwa anangoja wote watangulie, ili asionekane akitafuta ngazi kwa mguu. Vidato ni themanini na vinane, alikuwa amevihesabu. Leo akatoka na wenzake. Akashika ukuta kwa kiganja wazi, bila kujificha. Abinet alikuwa kidato kimoja mbele yake, anashuka kwa mwendo wa mtu asiye na safari.

"Hapa pamebomoka," alisema walipofika cha thelathini na mbili.

"Najua," Zinash alisema, na akamshika bega hata hivyo.